Teria si Mbegu Moja

Nikiwa mwaka wa pili wa udaktari wa mifugo, mama mmoja mtaani aliniuliza, "Eti daktari, haka kambwa hakatanisumbua?" Nikajibu kwa kujiamini, "Hapana mama, ni kadogo tu hako." Kalikuwa Jack Russell. Wiki mbili baadaye vifaranga tisa walikuwa wamekufa, na tuta la mchicha limefukuliwa lote. Mama akataka mbwa auawe. Aibu ile ndiyo iliyonipeleka maktaba.

Nilichojifunza ni hiki: ukitaka kujua tabia ya mbwa, uliza kwanza mababu zake walifanya kazi gani. Jina "teria" lina asili ya Kilatini, neno la ardhi, kwa sababu wengi wao walizalishwa ili waingie mashimoni. Ila kazi zao zilitofautiana.

Jack Russell amepewa jina la mchungaji John Russell (1795–1883) wa Devon, Uingereza. Jike wake maarufu, Trump, alimnunua kwa muuza maziwa akiwa bado mwanachuo Oxford. Naam, mwanachuo mwenzetu! Mbwa hawa walimfuata mbweha shimoni na kumbwekea mpaka atoke. Kule chini hakuna wa kumwamuru, hivyo hujiamulia mwenyewe. Ndiyo maana ni mbishi, ana kelele na hachoki kuchimba.

Border, wa mpakani mwa Uingereza na Uskoti, ana miguu mirefu kidogo ili aende sambamba na farasi. Alikimbia pamoja na kundi la mbwa wa msako, kwa hiyo kwa kawaida si mgomvi kwa mbwa wenzake. Lakini sungura wako usimwachie.

Airedale wa Yorkshire ndiye mkubwa kuliko wote, shimoni haingii. Ana damu ya mbwa wa kuwinda fisimaji, na katika Vita Kuu ya Kwanza alibeba ujumbe wa jeshi la Uingereza.

Mbegu huonesha mwelekeo tu. Malezi nayo yana sehemu yake. Nilirudi kwa yule mama, nikampa shikamoo, nikakiri kosa langu. Tukazungushia banda la kuku wavu, tukamtengea mbwa kona ya mchanga achimbe atakavyo, na kijana wa nyumbani akawa anamtembeza kila jioni.

Mbwa yupo hai mpaka leo. Panya wa stoo ndio waliohama.