Sindano ya uzazi na mifupa ya mama

Akina mama hutuuliza katika dispanseri: «Munganga, ni kweli sindano ya miezi 3 inakula mifupa?» Tusikilizane.

Sindano hiyo, Depo-Provera, inazuia yai la mama kutoka, lakini inapunguza pia homoni inayolinda mifupa. Kwa hiyo mifupa inapungua nguvu kidogo, zaidi katika miaka 2 ya kwanza. Tangu mwaka 2004, huko Marekani, onyo hilo limeandikwa kwenye dawa. Lakini mama akiacha sindano, mifupa hurudisha sehemu kubwa ya nguvu yake.

Kwa mama wa miaka 18 mpaka 45, umri haukatazi sindano. Aliye chini ya 18 ao juu ya 45, aliyevunjika mfupa kwa kuanguka kidogo tu, ao anayemeza kortizoni muda mrefu, aongee kwanza na munganga.

Mama, kula ndagala pamoja na mifupa yake, na lengalenga. Tembea. Epuka tumbako na pombe.

Nawe baba, usimwachishe bibi yako sindano kwa sababu ya uvumi. Akiiacha bila njia nyingine, mimba itaingia nyumba haijajitayarisha. Njooni wote wawili.