Kutoka Tabora Hadi Bagamoyo

Kila mwaka wageni wengi huenda Bagamoyo kupumzika na kutazama majumba ya kale. Mji huo upo pwani, kaskazini ya Dar es Salaam. Sisi watu wa Tabora tuko mbali na bahari. Hata hivyo, mji huo unatuhusu sana.

Njia ya misafara

Katika karne ya 19 njia kubwa ya misafara ilitoka Ujiji, ikapita Tabora, ikafika Bagamoyo. Kutoka Tabora hadi pwani watu walitembea kwa miguu miezi miwili au mitatu. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi. Mpagazi alibeba mzigo wa kilo 30 hivi. Walipeleka pembe za ndovu. Walirudi na nguo za merikani, shanga na bunduki.

Wengi wa wapagazi hao walikuwa watu huru. Walifanya kazi kwa ujira. Lakini katika njia hiyo hiyo walipita pia watu waliotekwa, wakipelekwa kuuzwa utumwani. Tusiwachanganye watu hao.

Jina la Bagamoyo lina maelezo mawili. Wapo wasemao mpagazi alifika, akatua mzigo, akabwaga moyo wake, yaani akapumzika. Wengine husema mtumwa aliuacha moyo wake pale, kwa sababu hakutumaini tena kurudi kwao.

Mambo ya kuona Bagamoyo

1. Magofu ya Kaole. Hapa kuna misikiti ya mawe na makaburi yenye nguzo ndefu. Ni ya kale kuliko misafara.

2. Mji Mkongwe. Utaona nyumba zenye milango ya nakshi. Utaona pia boma la Wajerumani. Bagamoyo ulikuwa makao makuu yao hadi mwaka 1891, walipohamia Dar es Salaam.

3. Misheni ya Wakatoliki, iliyoanzishwa mwaka 1868. Mwili wa Livingstone ulifikishwa hapa mwaka 1874. Alifariki mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia. Chuma, Susi na wenzao waliubeba mwili huo hadi pwani. Njiani walipita hapa kwetu Unyanyembe.

4. Ufukwe. Wavuvi huleta samaki, na majahazi hutia nanga.

Na kwetu je?

Kwihara, karibu na mji wa Tabora, lipo tembe ambamo Livingstone na Stanley walikaa mwaka 1872. Miembe mikubwa bado yaonyesha mahali misafara ilipopita. Mambo haya ni urithi wetu. Anayeng'oa mawe au milango ya jengo la kale anaharibu habari za babu zake.

Majumba ya Bagamoyo yanasimulia habari za matajiri na wageni. Majina ya wapagazi wengi hayakuandikwa popote. Wewe sasa unajua kuandika. Waulize wazee wa kijiji chako: nani katika ukoo alikwenda pwani? Alibeba nini? Alirudi na nini? Yaandike katika daftari, wajukuu wapate kusoma.

Maswali ya kujadiliana

1. Wapagazi walitofautianaje na watumwa?
2. Jina la Bagamoyo lina maana gani mbili?
3. Kijijini kwenu kuna kitu gani cha kale? Nani anakitunza?