Ndui ya Mwisho

Huko Tandala, katika milima ya Wakinga, mama humbeba mtoto wake mgongoni kwenda hospitalini apate chanjo ya surua atimizapo miezi 9. Na atimizapo miezi 18 humrudisha apate ya pili. Kwa wakaao mbali safari ni ndefu, na baridi ya huko ni kali. Tena mtoto achomwapo sindano hulia. Kwa hiyo wako wasemao, "Mtoto ni wangu; nisipomchanja, hasara ni yangu." Neno hilo ni kweli nusu tu.

Maana surua haikai kwa mwenyewe. Mgonjwa akikohoa chumbani kisha akatoka, ugonjwa waweza kubaki hewani humo muda wa saa mbili. Mgonjwa mmoja aweza kuwaambukiza watu 12 hata 18 wasio na kinga. Je, mtoto wa miezi 4? Wakati wake wa kuchanjwa haujafika. Hana ngome ila jirani zake: kama katika kila watu 100 wapata 95 wamekingwa, ugonjwa hukosa njia ya kumfikia. Basi kaka yake akichanjwa, yeye naye husaidiwa.

Jambo hili lilionekana wazi katika habari ya ndui. Maradhi hayo yaliua watu wengi sana duniani. Waliopona walibaki na makovu usoni, na wengine walipofuka. Lakini ndui haikai katika wanyama, hupita kutoka mtu hata mtu. Kwa hiyo yaliweza kukomeshwa kabisa, kama watu wangechanjwa.

Mwezi wa Oktoba 1977, katika mji wa Merka, pwani ya Somalia, gari lilifika hospitalini likiwa na watoto wawili wenye ndui. Dereva hakuijua njia ya kwenda kambi ya kuwatenga wagonjwa. Mpishi wa hospitali, Ali Maow Maalin, kijana wa miaka 23, akapanda garini amwonyeshe. Mwendo wenyewe ulikuwa wa dakika chache tu. Alitenda wema, wala hapana wa kumlaumu kwa hilo. Walakini hakuwa na kinga, kwa kuwa aliogopa maumivu ya kuchanjwa. Baada ya siku kumi akashikwa na homa. Kwanza ilidhaniwa malaria, kisha tetekuwanga, akarudishwa nyumbani. Na rafiki zake wakaja kumtazama, kama ilivyo desturi. Ndipo ikajulikana kuwa ni ndui.

Sasa hofu ya mtu mmoja ikawa kazi ya mji mzima. Wakatafutwa wote waliokutana naye, njia zikalindwa, na katika majuma mawili watu zaidi ya 50,000 wakachanjwa. Wengi wao hawakumjua hata jina. Maalin akapona, wala hakumwambukiza mtu. Yeye ndiye mtu wa mwisho duniani kushikwa na ndui iliyoenea yenyewe, na mwezi wa Mei 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ndui imekwisha.

Baadaye Maalin akajitia katika kazi ya kupiga vita polio, ugonjwa upoozao viungo. Alipokutana na wazazi waliokataa chanjo, aliwasimulia habari zake mwenyewe, jinsi alivyoogopa na yaliyompata. Alikuwa katika kazi hiyo mwezi wa Julai 2013 alipofariki kwa malaria.