Wamang'ati: Ushahidi wa Mpiganaji katika Jina la Kabila

Historia ya vita iliyosimuliwa na mpiganaji mwenyewe aghalabu hutafutwa vitabuni. Mfano ujulikanao nchini Tanzania ni kumbukumbu za Tom von Prince, afisa wa jeshi la Wajerumani, zilizochapishwa mwaka 1914 mintarafu ya vita dhidi ya Waarabu na Wahehe. Prince alikuwa shahidi, lakini shahidi aliyechapisha maneno yake miaka ipatayo 20 baada ya Kalenga, ngome ya Mkwawa, kutekwa Oktoba 1894.

Vita vya karne ya 19 ambavyo kwavyo Wamasai waliwaondoa Wadatoga katika Kreta ya Ngorongoro havina kitabu cha namna hiyo. Vimeacha makaburi ya wazee wa Kidatoga humo kreta, na vilevile neno moja linalosikika hadi Karatu: Mang'ati.

Neno hili ni la Kimasai, nalo humaanisha adui. Wahusika wenyewe hujiita Datoga. Lilipoingia katika Kiswahili lilivuliwa viambishi vyake (ol- katika umoja, il- katika wingi), likavikwa wa- ya ngeli ya watu. Likawa Wamang'ati, sawa na Wahehe au Wachaga. Badiliko hili si la umbo tu. Adui hana budi awe adui wa fulani. Kabila halimhitaji fulani huyo. Hivyo morani aliyepigana, ambaye ndiye msemaji wa awali, amefutika, na hukumu yake imebaki ikidhaniwa kuwa jina tupu. Kitabu cha Prince kina jina la mtunzi jaladani, na msomaji aweza kumshuku. Katika Wamang'ati hakuna wa kushukiwa.

Hali hii haipatikani Ngorongoro pekee. John T. Sprague, afisa wa Marekani aliyechapisha historia ya vita vya Florida mwaka 1848, aliwataja wapinzani wake kwa jina Seminole, ambalo hunasibishwa na neno la Kihispania cimarrón, yaani mtoro au mnyama aliyerudi mwituni. Waseminole, hata hivyo, wamelifanya jina hilo kuwa lao.

Kwa mtunga kamusi, kidahizo Mang'ati kikifafanuliwa kuwa "kabila" na kuachwa hapo, ni ushahidi wa upande mmoja wa vita uliopokelewa bila kuhojiwa. Asili yake ya Kimasai na jina Datoga vinapaswa kuandikwa katika kidahizo hichohicho.