Kamera ya kutega porini Manyoni

Swali: Nina leseni ya kuwinda swala wilayani Manyoni. Ninunue kamera gani ya kutega, na niifunge wapi?

Jibu: Ndugu msomaji, usivutwe na wingi wa megapikseli. Tazama kasi ya kupiga: kamera inayochelewa sekunde moja itakuletea mikia tu. Katika vichaka vizito vya Itigi, ifunge kwenye mapito ya wanyama, usawa wa kiuno, ikielekea kaskazini au kusini ili isipigwe na jua la asubuhi na jioni. Fyeka nyasi zilizo mbele yake. Kihisi chake huamshwa na joto linalosogea, hivyo nyasi zenye moto wa jua zikipeperushwa na upepo zitajaza kadi picha tupu. Ndani ya mapori ya akiba ya Rungwa, Kizigo au Muhesi, usifunge chochote kabla ya kupata ruhusa ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA).