Koa wa Bahari na Chura wa Mtini

Wako viumbe wawili katika pwani ya Afrika ya Mashariki wasio na pembe, wala kucha, wala gamba la kujifunika. Mmoja ni koa mwekundu wa baharini. Wa pili ni chura wa mtini ajengaye kiota cha povu. Ni vema kuwalinganisha, kwa kuwa kila mmoja amepata njia yake ya kuyalinda mayai yake.

Koa ni jamaa ya konokono, ila hana kaka mgongoni. Hukaa penye miamba ya matumbawe, naye aweza kupita urefu wa futi moja. Akishtuliwa hukunjua kingo za mwili wake akaogelea kwa kupepea, mfano wa kanga iliyoshikwa na upepo. Chakula chake ni sifongo, na baadhi yake zina sumu. Sumu hiyo haimdhuru, bali huiweka katika ngozi yake na katika mayai. Kisha hutaga utepe mwekundu uliozungushwa kama ua la waridi, wazi mbele ya samaki, lakini sumu huulinda.

Chura naye huishi hata penye ukame. Jua likiwa kali hutulia juu ya tawi, na ngozi yake hugeuka kuwa karibu nyeupe, isichukue joto jingi. Ulinzi wa mayai yake ni kazi ya miguu. Mvua zinyeshapo, jike hushika tawi lililoinamia dimbwi, hutoa maji mazito mwilini, akayapiga kwa miguu ya nyuma mpaka yakawa povu, nayo madume humsaidia. Nje povu hukauka likawa gumu. Ndani hubaki na unyevu. Baada ya siku tano hivi viluwiluwi hudondoka majini.

Watoto wa wote wawili huanguliwa na kitu watakachokiacha: mtoto wa koa ana kaka ndogo, na kiluwiluwi ana mkia.

Tofauti yao ni hii: koa hutegemea mwamba, na chura hutegemea dimbwi. Mwamba ukivunjwa, sifongo hupotea na koa hukosa silaha yake. Tawi likikatwa, au dimbwi likikauka mapema, kazi yote ya chura ni bure. Basi mtu aonapo povu jeupe juu ya maji asidhani ni uchafu wala uchawi. Ndani yake mna mamia ya watoto wanaongoja kushuka, na aliache.