Usafishaji wa Mchanga katika Tangi la Samaki

Si jambo geni, shule inapofuga samaki katika tangi la kioo, samaki hao kufa siku chache baada ya tangi kusafishwa. Mchanga umetolewa wote, umeoshwa kwa sabuni, pengine hata umechemshwa. Maji mapya yametiwa, nayo yanang'aa. Kisha samaki huanza kutweta karibu na uso wa maji, na mmoja baada ya mwingine hufa. Lawama hutupiwa chakula au joto, kumbe aghalabu chanzo ni usafi wenyewe.

Samaki hutoa amonia kwa njia ya matamvua, na mabaki ya chakula yanapooza huongeza amonia hiyo. Amonia ni sumu. Katika tangi lililokomaa, bakteria wanaoishi juu ya chembe za mchanga huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kisha kuwa nitreti, ambayo madhara yake ni madogo zaidi. Mwanasayansi Sergei Winogradsky alieleza kazi ya bakteria wa namna hii mnamo 1890. Kwa zaidi ya miaka 100 iliaminika kwamba hatua hizo mbili lazima zigawanywe baina ya makundi mawili. Mwaka 2015 ndipo walipotambuliwa bakteria wa jenasi ya Nitrospira wawezao kuzikamilisha zote mbili peke yao. Sabuni, maji ya moto na klorini ya bomba huwaua wafanyakazi hao, na wengine huchukua majuma kadhaa kuenea tena.

Hatari huzidi maji yakiwa na ubesi. Katika nyuzi 25 za Selsiasi, maji yenye pH 7 huwa na chini ya asilimia 1 ya amonia yote katika umbo lililo sumu kali. pH ikifika 9, kiasi hicho hukaribia theluthi moja. Kwa hiyo afugaye samaki wadogo wa Ziwa Tanganyika waishio ndani ya makombe ya konokono, ambao huhitaji maji ya besi, hana budi kuwa mwangalifu kuliko wengine.

Hata hivyo mchanga hauwezi kuachwa tu. Chembe ndogo hushikamana, maji hayapenyi, na oksijeni ya chini huisha. Hapo bakteria wa aina nyingine hutumia salfeti na kutoa haidrojeni salfaidi, gesi yenye harufu ya yai viza. Gesi hii ikikutana na chuma kilichomo mchangani hufanya tabaka jeusi. Kina cha sentimita 3 hadi 5 chatosha kwa tangi la darasani.

Kifaa kinachofaa ni mpira wa maji wenye upana wa sentimita moja na nusu hivi, na ndoo iliyowekwa chini ya usawa wa tangi. Mpira hujazwa maji kwanza, ncha zikazibwa kwa vidole. Usinyonywe kwa mdomo. Ncha moja huzamishwa tangini, nyingine huelekezwa ndooni, na uzito wa maji yanayoshuka huyavuta yale ya nyuma. Mdomo wa mpira upitishwe sentimita moja juu ya mchanga: kinyesi ni chepesi, hupanda; mchanga ni mzito, hubaki. Ukianza kupanda, mpira ubinywe kidogo. Nusu ya sakafu yatosha kwa siku moja, na nusu ya pili juma lifuatalo, bila kutoa zaidi ya robo ya maji yote. Maji ya bomba ya kujazia yakae katika ndoo wazi siku nzima ili klorini itoke.

Maji na konokono wa bwawani wasiletwe darasani bila hadhari, kwa kuwa baadhi ya konokono hao hubeba vimelea vya kichocho, ambavyo hupenya ngozi ya mkono unaotumbukizwa majini.

Wanafunzi waweza kuyaona matabaka haya bila samaki. Chupa ndefu angavu hujazwa tope la ziwa lililochanganywa na vipande vya karatasi na kiini cha yai, ikawekwa dirishani. Baada ya majuma kadhaa weusi hujitokeza chini, na juu yake rangi ya kijani au zambarau. Weusi kama huo ukionekana ubavuni mwa tangi, usikorogwe kwa mara moja samaki wakiwamo. Uondolewe kidogo kidogo, au samaki wahamishwe kwanza.